Kete Iliyoliwa Haitoki Mchezoni: Mfu Mtumishi na Suala la Mizani, kwa Kutazama kutoka Lanet

1.0 Utangulizi

Swali linaloshughulikiwa na makala hii laweza kuonekana dogo. Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mchezaji anayeshika nafasi ya mchawi huweza kupewa uwezo wa kumwinua mfu na kumfanya mwandani wake: ambebee mzigo, amlindie mlango, ampiganie. Mtunzi wa kanuni hana budi kuamua mwandani huyo awe na nguvu kiasi gani. Akiwa dhaifu, hakuna atakayemtaka. Akiwa na nguvu nyingi, mchawi mmoja atakuwa na zamu mbili pale ambapo wenzake wana moja, nao watageuka watazamaji. Suala hili ndilo liitwalo mizani ya mchezo.

Mchezo wa aina hii hauna ubao wa lazima wala mshindi mmoja. Watu wachache huizunguka meza. Mmoja wao husimulia mahali na matukio, wengine husema wahusika wao wanatenda nini, na dadu huamua penye shaka. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hapa pana fanani, pana hadhira ambayo nayo ni fanani, na pana utendaji usiorudiwa mara mbili kwa namna ileile. Katika uainishaji wa M.M. Mulokozi uliochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, wenye tanzu sita za fasihi simulizi, mchezo huu ungesimama mpakani mwa masimulizi na maigizo. Kinachoutofautisha na ngano ya jioni ni kuwa una kitabu cha kanuni. Yale ambayo fanani wa ngano huyabeba kichwani kama desturi, hapa yameandikwa na kuhesabiwa.

Makala hii inadai kwamba kanuni zinazomfunga mfu mtumishi si hesabu tupu. Ndani yake jamii huandika fikra zake kuhusu kazi: nani aifanye, kwa malipo gani, na nani ana haki ya kuuliza alikokwenda mfanyakazi. Ili kulithibitisha dai hilo, historia ya kanuni hizo inatazamwa kutoka mahali mahususi, nayo ni Lanet, mashariki ya mji wa Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Wanaakiolojia wanapajua kwa uchimbaji uliofanywa na Merrick Posnansky mwaka 1957 na kwa vyungu vilivyopewa jina la Lanet. Baina ya Lanet na mji kuna kilima cha Hyrax Hill, ambapo Mary Leakey alifukua makaburi ya kale mwaka 1937 na 1938, na ambapo vishimo vya bao vimechongwa katika mwamba. Kaskazini-magharibi kunaonekana ukingo wa Menengai, mlima ambao simulizi za eneo hili zimeujaza wafu. Mchezo, makaburi na wafu wasiotulia vimekaa karibu karibu. Ni nadra mhakiki kupata mahali panapolikusanya suala lake namna hiyo.

2.0 Kutoka Shamba la Miwa hadi Fuvu la Dhahabu

Mfu mtumishi wa michezo ya Kimarekani hakuzaliwa Marekani. Asili yake ya karibu ni zombi wa Haiti, nchi ambayo majeshi ya Marekani yaliikalia kuanzia mwaka 1915 hadi 1934. Katika kipindi hicho, mwaka 1929, William Seabrook alichapisha kitabu chake The Magic Island, ambacho ndicho kilichomtambulisha zombi kwa wasomaji wengi wa Kiingereza. Kisa kinachokumbukwa zaidi katika kitabu hicho kinahusu kundi la wafu walioletwa kulima miwa katika shamba la kampuni ya Kimarekani. Aliyewaleta ndiye aliyepokea ujira wao. Wafu hao walilishwa chakula kisichotiwa chumvi, kwa kuwa chumvi ingewazindua. Siku moja wakapewa vitamutamu vyenye njugu za chumvi. Wakatambua kwamba wamekufa, wakashika njia ya kurudi kwao. Huko jamaa zao wakawatambua, na wafu wakarejea makaburini. Jamaa wakamlipiza kisasi aliyewatumikisha.

Kisa hiki kinastahili kusomwa kama hati ya kanuni. Kina masharti ya chakula, kina ujira na mpokeaji wake, kina njia ambayo mfu huzinduka, na zaidi ya yote kina ukoo wenye haki ya kudai. Mchawi wa kisa hicho ana nguvu, lakini nguvu zake zimezungukwa na hatari pande zote. Huo ni mfumo wenye mizani, ingawa hakuna aliyeutungia jedwali.

Safari ya zombi kuelekea kaskazini ilikuwa safari ya kupungukiwa. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 ilibakiza kinu cha sukari na bwana anayewatumikisha wafu, ila ukoo ulififia. Filamu ya George Romero, Night of the Living Dead, ya mwaka 1968 ilimwondoa hata bwana. Wafu wake hawatumwi na mtu, na neno zombi halitamkwi ndani yake. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons, mfu alipata bwana tena, lakini bwana wa namna mpya. Kanuni za mwaka huo zinamruhusu mchawi kuinua viunzi vya mifupa na maiti, mradi maiti ziwepo. Baada ya hapo watamtumikia mpaka waangamizwe au uganga utanguliwe. Hawali wala hawalipwi, na hakuna anayewatafuta.

Historia ya matoleo yaliyofuata inaweza kusomwa kama juhudi za kuurejesha uzito uliopotea, kwa njia ya fedha na saa. Katika kanuni za mwaka 2003 mchawi anatakiwa kuweka kito cheusi cha oniksi chenye thamani ya sarafu 25 za dhahabu kwa kila kipimo cha uhai wa mfu, na idadi ya wafu anaoweza kuwamiliki imewekewa kikomo. Katika kanuni za mwaka 2014 utii wa mfu unadumu saa 24 tu. Mchawi asipouhuisha uganga wake, mfu huacha kumtii. Mwaka 2020 kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything kilileta suluhisho jingine: roho mfu mmoja, katika umbo la kivuli, la maiti iliyooza au la mifupa, anayeitwa kwa fuvu lililopakwa dhahabu lenye thamani ya sarafu 300. Hukaa muda usiozidi saa moja, na hutoweka mara mchawi anapopoteza umakini. Kwa upande wa hesabu, suluhisho hilo limefanikiwa, kwa sababu mezani halileti tena jeshi la mifupa linalokula muda wa wote.

Kilichotokea kwa mfu mwenyewe, hata hivyo, ni jambo lingine. Mfu wa mwaka 1929 alikuwa mtu wa kijiji fulani, mwenye wazazi. Yule wa 1974 alikuwa angalau maiti iliyookotwa mahali fulani. Huyu wa 2020 hahitaji hata maiti. Mizani imepatikana kwa kumwondoa mtu katika mizani.

3.0 Msukule na Masharti Yake

Katika masimulizi ya Tanzania bara, mwenzake wa karibu wa zombi ni msukule. Husimuliwa kwamba mtu amekufa, akaliliwa, akazikwa. Kumbe kilichozikwa ni gogo la mgomba, na mtu mwenyewe amechukuliwa na mchawi. Amekatwa ulimi ili asiseme. Hulala mchana uvunguni au darini, usiku hutolewa akalime, na chakula chake ni pumba. Mganga aliye hodari huweza kumrudisha, na habari za misukule waliorudishwa zimekuwa zikivuta umati mijini na vijijini hadi miaka ya karibuni.

Mambo matatu katika masimulizi haya yanamhusu mtunzi wa kanuni. La kwanza ni bei. Mara nyingi msukule hutoka katika jamaa ya mchawi mwenyewe au ya jirani yake, na uchawi wenyewe husemwa kuwa unadai kafara ya mtu wa damu. Kwa hiyo bei ya mtumishi ni udugu, ambao hauwezi kutafutwa sokoni kama kito au fuvu. La pili ni ulimi. Msukule anaweza kufanya kazi lakini hawezi kutoa habari. Anayemtumia hupata mikono asipate shahidi. La tatu ni kwamba hadithi ya msukule haiishi shambani. Kila anayeisimulia anajua kwamba upo uwezekano wa kurudishwa, na ni uwezekano huo unaoipa hadithi mwendo.

Lugha nayo inashiriki katika jambo hili. Jina msukule lina umbo la ngeli ya M-MI, pamoja na mti, mkono na mzigo. Wingi wake ni misukule, wala si wasukule. Jina mtumwa liko katika M-WA, pamoja na mtu. Hata mtumwa, kwa mujibu wa umbo la jina lake, amebakizwa miongoni mwa watu. Msukule amehamishwa, lakini upatanisho wa kisarufi humvuta arudi: wasemaji husema misukule hawa, misukule wamelima. Umbo la jina linamtia katika vitu, kitenzi kinamdai kwa watu. Mzimu na mizimu, mzuka na mizuka, wako katika hali iyo hiyo. Aidha, mzizi wa neno mzuka unazaa kizuka, jina la mjane aliye katika eda. Kwa hiyo Kiswahili kinamweka anayezuka kutoka kwa wafu karibu na anayekaa matanga kwa ajili yao. Ni vigumu, katika lugha hii, kumtaja mfu bila kumtaja aliyefiwa.

Jambo lingine la kimsamiati linawahusu moja kwa moja wenye kutafsiri michezo hii. Kiingereza cha michezo kina jina moja lisilo na lawama kwa kila atumiaye uganga. Kiswahili kina mganga na kina mchawi, na tofauti yao katika suala hili ni dhahiri: anayemtwaa mfu ni mchawi, anayemrudisha ni mganga. Mchezaji mwenye mwandani mfu hawezi kusimama katikati. Kanuni zikiandikwa kwa Kiswahili, hukumu imeshatolewa kabla ya dadu kurushwa.

Fasihi andishi imelitumia jambo hili kwa njia mbili zinazokinzana. Emmanuel Mbogo, katika tamthiliya yake Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988), aliwaleta misukule jukwaani, na wahakiki wamewasoma kama taswira ya watu walionyang'anywa uwezo wa kujiamulia. Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa Pemba, aliligeuza jambo katika riwaya ya Babu Alipofufuka (2001), iliyochapishwa Nairobi. Hapo mfu si mtumishi. Ni babu anayemjia mjukuu wake, mkubwa mmoja anayeitwa K, na kumtembeza aone hali ya watu anaowatawala. Huyu pia ni mwandani mfu, wala hana nguvu za kupigana. Nguvu yake yote ni nasaba: K hawezi kumfukuza kwa sababu ni babu yake. Kati ya msukule wa Mbogo na babu wa Mohamed kuna uwanja mzima wa uwezekano ambao kanuni za kuanzia 1974 hazikuugusa, kwa kuwa katika kanuni hizo mfu hana mjukuu.

4.0 Menengai: Shamba Lisilo na Mwenyewe

Yaweza kusemwa kwamba msukule ni wa Tanzania, na kwamba kumleta Lanet ni kumhamisha kwa nguvu. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake liko Menengai.

Menengai ni kasoko pana, kiasi cha kilomita 12 kwa 8, ambamo mvuke hutoka katika nyufa za miamba. Jina lake hufasiriwa kwa Kimaasai kuwa mahali pa maiti. Husimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19, wapiganaji wa Ilaikipiak walioshindwa walitupwa humo, na mvuke unaopanda ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda juu. Wakikuyu waliohamia eneo hili waliuita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu. Na katika simulizi za watu wanaoishi kandokando yake mna kisa kinachorudiwa sana: mtu akisimama ukingoni huweza kuona, chini kabisa, shamba likifyekwa, likilimwa, likipandwa ngano na kuvunwa kwa muda mfupi mno, na kazi hiyo hufanywa na mizimu. Akitazama tena, haoni kitu.

Ngano katika kisa hicho si zao la kubahatisha. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ili walowezi wapewe ardhi. Njoro, upande wa pili wa Nakuru, ndipo Lord Delamere alipofanya majaribio ya ngano mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu kubwa ya kazi ya mashamba hayo ilifanywa na maskwota, ambao historia yao katika wilaya ya Nakuru imeandikwa na Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Sheria ya 1937, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1940, iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, mamlaka ya kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo ya maskwota. Kwa lugha ya mtunzi wa michezo, huo ulikuwa urekebishaji wa mizani: siku dhidi ya malisho, ng'ombe dhidi ya mikono. Hesabu zilikuwapo, tena za makini, lakini aliyehesabiwa hakuulizwa.

Hapa tahadhari inahitajika. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu simulizi za wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, alionya dhidi ya kuzigeuza simulizi za aina hii haraka kuwa mafumbo ya unyonyaji. Waliosimulia walikuwa wakisema jambo, na maelezo madogo madogo ya simulizi ndiyo yenye habari. Onyo hilo likizingatiwa, jambo la kutazama katika kisa cha Menengai si kufanana kwake na kisa cha msukule bali kutofautiana. Msukule ana mchawi, na mchawi ana nyumba inayojulikana. Katika shamba la Menengai hakuna mwenyewe. Wafanyakazi wanaonekana na ngano inaonekana, hata kasi ya kazi inaonekana, lakini hakuna anayetajwa kuwa ndiye anayevuna. Wala hakuna mganga anayeitwa kuwarudisha, kwa sababu hakuna ajuaye ni wafu wa nani.

Yaelekea tofauti hii ni ya kihistoria. Mchawi wa kijijini ni jirani, na hadithi yake ni hadithi ya majirani. Katika nchi ya mashamba makubwa, anayefaidi yuko mbali, na wafanyakazi wametoka koo nyingi zisizojuana. Simulizi imebakiza kazi na kupoteza pande mbili za mkataba. Kwa bahati ya ajabu, hali hiyo inafanana sana na ya kanuni za michezo: mfu anayefanya kazi, asiye na jina, asiye na wa kumdai. Wanaanthropolojia Jean na John Comaroff, wakiandika juu ya Afrika Kusini ya miaka ya 1990, walihusisha kuenea kwa simulizi za wafu watumwa na ajira isiyoeleweka inakotoka na inakokwenda. Menengai inaonyesha kwamba mantiki hiyo haikungoja miaka ya 1990 ili iwezekane.

5.0 Bao na Kete Iliyoliwa

Kama simulizi zinatoa masharti ya mfu, hesabu yake inaweza kutoka wapi? Jibu linalopendekezwa hapa liko katika mwamba wa Hyrax Hill. Vishimo vya pale havimwambii mtazamaji kanuni zilizotumiwa na waliovichonga, lakini vinatosha kukumbusha kwamba nchi hii ilikuwa na mchezo wake wa mezani kabla ya meza. Kanuni zinazojulikana vizuri zaidi ni za bao la Kiswahili la pwani, ambalo Alex de Voogt alilifanyia utafiti Zanzibar na kulichapishia kitabu mwaka 1995.

Bao hilo lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana 32: kumi ziko ubaoni mwanzoni, zikiwemo sita ndani ya nyumba, na 22 ziko mkononi, zikisubiri kunamuliwa moja moja. Jambo la kuzingatia ni hatima ya kete iliyoliwa. Katika sataranji kipande kilicholiwa hutolewa ubaoni na mchezo huendelea bila yeye. Katika bao kete iliyoliwa haitoki. Aliyeila huichukua, huanza kuitembeza kutoka kichwani mwa upande wake, na kuanzia hapo inamfanyia kazi yeye. Kete iliyokuwa ikimtetea Ali sasa inamwandama Ali. Idadi haipungui wala haiongezeki. Kinachobadilika ni nani anayetumikiwa. Na kwa kuwa kete inaweza kuliwa tena, hakuna anayeimiliki kwa kudumu.

Kwa maneno mengine, bao lote ni mchezo wa walioanguka wanaoinuliwa kumtumikia aliyewaangusha. Mizani yake haitokani na kito wala na saa. Inatokana na ukweli kwamba nguvu yote iliyomo mchezoni imetoka kwa mtu, na inaweza kurudi kwake.

6.0 Kumtunga Mwandani Mfu: Zoezi la Uhakiki

Kutokana na hayo inawezekana kumtunga mwandani mfu kwa kanuni zilizotoka ndani ya masimulizi haya. Zoezi lifuatalo linakusudiwa kupima dai la makala. Kama masharti ya simulizi ni mapambo tu, hayatafanya kazi yakigeuzwa kuwa hesabu.

Tuchukulie kwamba mchawi ana kete 32 kama kipimo cha nguvu zake, na upande unaompinga, ulio mikononi mwa msimulizi, una 32. Kanuni ya kwanza ni jina: kabla ya kumwinua mfu, mchezaji hutaja ni nani, mtoto wa nani, na nani anamlilia. Asiyeweza kutaja hawezi kuinua. Kanuni ya pili ni bei: nguvu ya mfu hutolewa katika kete za mchawi mwenyewe. Akitoa sita, mfu ana sita naye anabaki na 26. Kanuni ya tatu ni zamu: mchawi na mfu wana zamu moja, mmoja akitenda, mwingine hutulia. Hivyo faida ya mfu haiko katika wingi wa matendo bali katika mahali, kwani anaweza kutumwa asikoweza kwenda mchawi.

Kanuni ya nne ni ulimi: mfu huweza kubeba, kuchimba, kulinda na kupigana, lakini akitumwa kupeleleza hawezi kueleza alichokiona. Ni kanuni nyepesi, nayo inaziba mwanya ambao watunzi wengi huusahau, kwani mtumishi asiyechoka wala kuogopa huwa jasusi bora kuliko mhusika yeyote aliye hai. Kanuni ya tano ni saa: hutenda usiku. Kanuni ya sita ni chakula: kila usiku usiokuwa na chakula kutoka katika akiba ya mchawi, kete moja ya mfu huhamia kwa jamaa zake. Zote sita zikiisha kuhamia, mfu amekwenda kwao.

Kanuni ya saba ni mwisho, na ndiyo inayobeba uzito. Mfu akiangushwa vitani, kete zake haziteketei. Huenda upande wa pili, ambao sasa una 38 dhidi ya 26. Mchawi akimrudisha kwa jamaa kwa hiari, hupokea nusu, yaani tatu, na kubaki na 29. Tatu nyingine hukaa kwa jamaa. Jumla ni 64 kila wakati. Hakuna njia ambayo mchawi anatoka kama alivyoingia.

Ukilinganisha na kanuni za 2020, tofauti inaonekana katika swali ambalo mchezaji hujiuliza. Kwa kanuni zile hujiuliza kama ana sarafu 300 na kama vita vitakwisha ndani ya saa moja. Kwa hizi hujiuliza amweke mfu kwa siku ngapi kabla ya kumrudisha, amlishe nini, na atawaambia nini jamaa watakapobisha hodi. Maswali ya kwanza ni ya mwenye kukodi chombo. Ya pili ni ya mtu aliyechukua mtu.

Mtu anaweza kupinga kwamba kanuni hizi zinamwadhibu mchezaji na kumfundisha maadili asiyoyaomba. Pingamizi lina uzito, maana mchezo usiopendeza hauchezwi, na hadithi inayohubiri haisikilizwi. Lakini simulizi za msukule hazikudumu kwa sababu ya mahubiri. Zimedumu kwa sababu mchawi wake anavutia: ana shamba lililolimwa usiku mmoja, naye ana siri. Kanuni hazikumnyang'anya hayo. Zimeongeza hodi mlangoni, na fanani yeyote anajua kwamba hadithi huanza kunoga pale panapobishwa hodi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefuatilia mfu mtumishi kutoka shamba la miwa la Haiti hadi fuvu lililopakwa dhahabu, na kumlinganisha na msukule, na wakulima wa Menengai, na kete ya bao. Imeonekana kwamba mizani inaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza: kumpunguzia mfu muda, idadi na umbo mpaka asimdhuru mchezaji mwingine, na katika kufanya hivyo kumpunguzia pia jina na jamaa. Ya pili ni kufunga hesabu: kuhakikisha kwamba kila nguvu iliyoko mezani ina mtu iliyetoka kwake, na kwamba mtu huyo au jamaa zake wanaweza kuidai. Zote mbili hufanya mchezo uchezeke. Ya pili peke yake ndiyo inayobakiza hadithi ya mfu mwenyewe.

Tangu mwaka 2011 visima vya kuzalisha umeme wa mvuke vimekuwa vikichimbwa ndani ya Menengai, na mvuke uliosemwa kuwa ni roho za wapiganaji unapimwa kwa megawati. Simulizi za shamba la wafu, kwa upande wake, bado hazina mkusanyo wa kitaalamu unaolingana na wingi wa kutajwa kwake. Wanafunzi wa shahada za juu watakaokwenda Lanet, Bahati na Kiamunyi kuzikusanya wanashauriwa wasiishie kuuliza kama kisa ni cha kweli. Wawaulize wasimulizi ni nani aliyekuwa akilima, shamba lilikuwa la nani, na ngano ilipelekwa wapi. Majibu yatakayopatikana, hata yakiwa ni kimya, yataingia katika historia ya kazi ya bonde hili pamoja na siku 180 za sheria ya 1918.